Wali wa Wageni

Walinipa wali. Sikuwa nimekaa hata dakika kumi chini ya turubai la kilio, kiti changu cha plastiki kilikuwa bado kinatafuta pa kusimama kwenye udongo mwekundu wa Panda, mtaa wa Likasi, na tayari sahani ilikuwa mapajani mwangu: wali mweupe, paja la kuku wa barafu, na uma uliofungwa kwenye karatasi laini. Mama Véro tulikuwa tumemzika asubuhi ile. Mwanamke aliyenifundisha kutofautisha, kwa harufu tu, unga wa mahindi ya kwetu na unga wa gunia, tunamzika, kisha tunaketi kula wali uliovuka bahari na kuku aliyekufa kabla sijapata kazi. Nilikasirika. Kisha nikakasirika kwa sababu nimekasirika kilioni. Kisha nikaanza kujiuliza kama waliokaa karibu nami wanaiona hasira usoni wakidhani ni huzuni, na kama ni udanganyifu kuwaacha wadhani hivyo. Kichwa changu kiko hivi tangu utotoni, na katika mwaka ninaotaka kuusimulia kilikuwa kibaya zaidi. Mfukoni mwa koti nilikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, ambayo nilipaswa kumwonyesha Mama Véro miaka saba iliyopita. Sikumwonyesha. Kwa sababu hiyo, ndivyo nilivyoamini muda wote huu, wanawake kumi na wawili wa Likasi walikosa mashine ya kusaga.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya kilimo, mashati mawili ya kuombea kazi, na jina la Ingénieur, mhandisi, ambalo kwetu mtu wa kilimo hupewa siku ya kuhitimu hata kama hajawahi kumiliki jembe. Kazi haikuwepo. Likasi ni mji wa mawe ya madini: anayechimba anakula, anayenunua kwa mchimbaji anakula vizuri, na anayelima anatazamwa kama mtu aliyeshindwa mambo hayo mawili. Nilipanga chumba mtaa wa Kikula, chumba chenye kitanda, meza ya kuandikia barua ambazo hazikujibiwa, na ukuta mmoja wa mbao. Nyuma ya ukuta huo ndipo lilipokuwa jiko la malewa ya Mama Véro. Malewa ni mgahawa wa mtaani; hii ilikuwa na paa la bati, mabenchi matatu na moshi. Wanawake kumi na wawili walipika humo kwa zamu, na walipika walichokuwa nacho: mahindi na mihogo ya ndugu zao wa upande wa Mulungwishi, samaki wa kukaushwa kutoka Mwadingusha, na lengalenga, mchicha wetu, kutoka bustani waliyolima wenyewe kando ya kijito. Hawakufanya hivyo kwa msimamo wowote. Mimi ndiye niliyewaambia kwamba wanachofanya kina jina, kwamba duniani kuna watu wanaandamana na kuandika vitabu ili wafanye kile ambacho wao wanafanya kwa kukosa pesa ya unga wa gunia. Walinisikiliza kwa adabu. Kupitia ukuta wa mbao, jioni ile, nilimsikia Mama Bijou akiwaambia wenzake, "Kumbe bukavu yetu iko na jina ya Kifaransa." Bukavu hapa si mji, ni ukavu wa mfuko, umaskini, na kila mtu alicheka.

Siku ya kwanza nilipoingia kula, Mama Véro alinifutia meza kwa kitambaa, akatandika kitambaa kingine, akaniletea sahani ya wali. Kwenye mabenchi wachimbaji walikuwa wanakula bukari, sima yetu, kwa mikono, wote wakichovya katika bakuli moja la lengalenga. Wali haukuwa kwenye chakula cha siku. Alikuwa amemtuma mtu dukani.

"Mama, mi naomba bukari, sawa hawa," nilimwambia.

"Kula kwanza, Ingénieur. Bukari itakuya siku ingine."

"Lakini munapika bukari."

"Njo maana. Bukari ni ya shiye. Weye uko mugeni."

Niliula. Nyuma ya ukuta Mama Bijou akasema, bila kujali kwamba mbao hazizuii sauti, "Ule mutoto wa université anaangalia mucele sawa vile ilimutukana." Kesho yake nikaletewa wali tena. Mwezi wa pili bado wali. Nilijaribu kufika mapema, nilijaribu kukaa kwenye benchi la wachimbaji, nilijaribu hata kuingia jikoni na kuomba nionje sufuriani, na nikaonjeshwa, nimesimama, kijiko kimoja, halafu nikasukumwa nje kwa upole hadi kwenye kitambaa changu. Mwaka mzima nilihubiri chakula cha udongo wetu nikiwa nimeshiba wali wa kununua. Nilifikiri wananidhihaki. Nililala nikilifikiria jambo hilo, nikaamka nikilifikiria, na sikupata jibu ila kuandika kanuni.

Zilikuwa kanuni kumi na nne. Nilizibandika jikoni: hakuna unga wa gunia, hakuna thomson, yule samaki wa barafu anayeuzwa kila kona, hakuna vidonge vya supu, kila kitu kitoke umbali ambao baiskeli yenye mzigo inaweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Mama Véro alizisoma zote akifuata mistari kwa kidole, akasema ni kazi nzuri. Mama Bijou aliuliza swali moja.

"Na chumvi? Chumvi inatokaka mu shamba ya nani?"

Nilikaa chumbani siku tatu nikifikiria chumvi. Nilirudi na kanuni ya kumi na tano, iliyoiruhusu chumvi. Wiki hiyohiyo nilikuta vikaratasi vya vidonge vya supu vimefichwa chini ya mkaa.

"Hii ni nini, Mama Bijou?"

"Karatasi."

"Ya nini?"

"Ya kuwashia moto."

"Mama, hii ni ya vidonge vya supu. Tulikubaliana."

"Ingénieur," alisema, bila kuacha kukoroga, "Mungu alipatia bantu yote ulimi, hapana wale ba diplôme peke yabo."

Halafu unga wa gunia ukakatika. Hukatika mara kwa mara. Zambia ikibana mpaka wake, mji wetu mzima hugundua kwamba ulikuwa unalishwa na nchi nyingine. Magunia yalitoweka sokoni, na watu waliokuwa wakiicheka bukari ya mahindi ya kienyeji, kwa kuwa haikuwa nyeupe sana, wakaanza kupanga foleni mbele ya mabenchi matatu ya Mama Véro. Ndipo nilipoona kwamba kanuni zangu hazikuwa upuuzi mtupu, na ndipo nilipoona pia tatizo lenyewe. Mahindi yalikuwepo. Mihogo ilikuwepo. Mashine ya kusaga ndiyo haikuwepo. Ile ya karibu ilikuwa ya mfanyabiashara wa magunia, naye alisaga kwanza ya kwake na ya rafiki zake. Wanawake wetu waliondoka na mabeseni kichwani kabla jua halijatoka na kurudi mchana, mara nyingine na mahindi yaleyale. Mama Véro, aliyekuwa na mgongo mbovu hata wakati huo, alikuwa akitembea hadi barabara ya Buluo kutafuta mashine nyingine, na akirudi alisimama kwanza mlangoni, mkono kiunoni, akisubiri mgongo umruhusu kuinama kutua beseni. Kila nilipomwona amesimama hivyo nilijua shahada yangu ina kazi moja tu duniani: kumpatia mashine.

Kulikuwa na shirika lililotoa mashine kwa vikundi vya chakula cha kienyeji. Nilijaza fomu yao kwa wiki tano. Niliandika aya, nikaifuta, nikaiandika upya kwa maneno yaleyale. Jioni moja niliwasomea wanawake nilichoandika, na Mama Bijou akanikatiza.

"Maendeleo endelevu njo nini?"

Nilifurahi kuulizwa. Nilieleza kwa muda mrefu, nikamaliza kwa mfano niliouona mzuri: ni maendeleo yasiyokula mbegu zake.

"Donc ni kutokula mbegu."

"Ndiyo, Mama."

"Ulisoma miaka tano juu ya kujua muntu asikule mbegu?" Akawageukia wenzake. "Shiye tulisomaka mu njala ya mwaka moja tu."

Shirika lilijibu. Mtu wao angekuja kututembelea, kula nasi, kuona. Hapo mtu mwingine angefurahi na kulala. Mimi nikaanza kuyafikiria maji. Kijito kilichonywesha lengalenga yetu kilipita, huko juu, mahali ambapo wachimbaji huosha mawe yao, na baada ya mvua maji yalikuwa na rangi ambayo nilijitahidi kuiita ya matope. Nilijaza chupa mbili, nikazipeleka kwa rafiki yangu wa maabara Lubumbashi, na jibu likarudi: madini yalikuwemo, zaidi ya inavyofaa mboga ya kula. Niliwakusanya wanawake jikoni. Nilizungumza kwa tahadhari sana, nikitanguliza mashaka yote, hadi Mama Véro akaniuliza kwa ufupi:

"Mboga ni mubaya ao ni muzuri?"

"Ya pale mutoni ni mubaya, Mama."

Sufuria ilikuwa inachemka na hakuna aliyeifunua. Kisha Mama Véro akauliza swali la pili, lile ambalo bado ninalisikia nikiwa kwenye foleni benki au nikisubiri simu ipokelewe: "Batoto betu banakulaka hii mboga tangu lini?" Nilisema sijui. Nilisema tungoje kipimo cha pili. Yeye hakungoja. Juma lililofuata waling'oa kila kitu, wakafungua bustani mpya mlimani, karibu na pampu ya kisima ya kanisa moja, na kwa kuwa maji hayapandi mlima yenyewe, waliyabeba. Wanawake kumi na wawili, ndoo kichwani, asubuhi na jioni, zaidi ya mabeseni ya mahindi waliyokuwa wakibeba tayari. Chakula cha kienyeji, niligundua, ni chakula kinachobebwa na shingo ya mtu unayemjua.

Nilipima bustani ile mpya, maji na mboga. Jibu lilifika siku saba kabla ya mgeni. Lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri kabisa, nambari zote mahali pake, mhuri chini. Nililisoma mara kumi, nikaanza kuikumbuka chupa. Chupa moja ilikuwa imebeba limonada kabla. Je, niliisuuza? Niliisuuza. Mara ngapi? Kama sikuisuuza vya kutosha, je, limonada inaweza kuficha madini? Nilijua haiwezi. Lakini kujua kwangu na kuamini kwangu havijawahi kulala nyumba moja. Niliamua nipime mara ya tatu ndipo niwaambie, nisije nikawapa matumaini ya uongo. Nikaikunja karatasi mara nne, nikaiweka katika begi chini ya kitanda. Walipoulizia, nilisema, "Bado tunangoja."

Mgeni alikuja mchana, madame wa makamo kutoka Kinshasa, mwenye daftari na viatu vya kutembelea shambani vilivyokuwa vipya. Alikuwa mtu mwema. Aliupanda ule mlima hadi kwenye bustani, akaushika udongo, akaandika. Kisha akasema ana njaa na kwamba safari yote amekuwa akiwaza atakachokula kwa Mama Véro. Tuliingia. Meza ilikuwa na kitambaa. Mama Véro alikuwa amevaa kitenge chake cha Jumapili. Alifunua mabakuli moja baada ya jingine, kwa fahari, na mimi nikaona wali, kuku wa barafu katika mchuzi wa nyanya ya kopo, na chupa nne za soda.

Madame aliangalia meza. Aliangalia ukutani, kanuni zangu kumi na tano. Akauliza kwa Kifaransa, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko kelele, kama hiki nacho ni chakula cha hapa.

"Ndiyo, madame," alijibu Mama Bijou. "Tulinunua hapa hapa Likasi."

Nilikimbilia jikoni. Huko bukari ilikuwepo, mlima mzima umefunikwa, na lengalenga, na samaki wa Mwadingusha katika karanga, chakula cha wanawake wenyewe, kikiwasubiri wageni waondoke.

"Mama Véro, juu ya nini mucele? Alikuya juu ya lengalenga! Nchi yote iko na mucele!"

"Usinipigie kelele mu jiko yangu. Muntu anatoka Kinshasa, anapanda ndege, weye utamupatia majani?"

"Njo majani anatafuta!"

"Na karatasi iko wapi?" Alinitazama moja kwa moja. "Weye mwenyewe ulisema tungoje. Shiye tunakula, tumezoea. Mugeni hapana. Mugeni akigonjwa mu nyumba yangu, nitaenda wapi na uso?"

Karatasi ilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao. Ningenyoosha mkono kupitia ufa ningeweza karibu kuigusa. Ningeenda, ningerudi, ningeiweka mezani, tungeondoa wali na kuleta bukari, na Madame angecheka na kuandika. Nilisimama. Nilifikiri: nikileta sasa, Mama Véro atajua nimekuwa nayo wiki nzima. Nilifikiri: Madame ataiona na kuuliza kwa nini kulikuwa na haja ya kipimo, na itabidi nieleze kijito. Nilifikiri kuhusu limonada. Nilipomaliza kufikiri, nilisikia mlango wa gari ukifungwa.

Barua ilikuja baada ya miezi miwili. Ilitusifu kwa ukarimu, kisha ikasema kwamba kilichoonekana hakikulingana na kilichoandikwa kwenye fomu. Mashine ilipelekwa kwingine. Niliwasomea barua, nikingoja walie au wanifukuze. Mama Véro alisema, "Sawa," akainua beseni. Hilo tu. Kama angenitukana ningelala vizuri. Mvua zilipoanza nilipata kazi Lubumbashi, katika duka la mbolea na mbegu, ambako niko hadi leo, na siku ya kuaga alinipa chakula cha mwisho kwenye kitambaa changu. Hakuna haja ya kusema kilikuwa nini.

Sasa nilikuwa na sahani nyingine ya hicho hicho mapajani. Walisema ni tension iliyomuua, presha ya damu. Niliuliza mara tatu, nikiwaza kijito, na mara zote tatu waliniambia tension. Nilisimama, nikaibeba sahani yangu, nikaenda nyuma ya nyumba, mahali ambapo mwanamume hana shughuli wakati wa kilio. Wanawake wa malewa walikuwa huko, wamezunguka masufuria. Niliwahesabu bila kutaka: walibaki saba. Malewa bado iko, waliniambia, na mahindi bado yanabebwa, sasa kwa baiskeli. Mama Bijou alikuwa ameota mvi na bado ndiye aliyeshika mwiko.

"Ingénieur. Umepotea? Choo iko upande ule."

Nilitoa karatasi. Niliitayarisha hotuba hii kwa miaka saba na nikaisema vibaya. Nilisema ilifika juma moja kabla ya Madame. Nilisema mboga ilikuwa nzuri. Nilisema niliificha, na ndiyo maana walimpikia wali, na ndiyo maana mashine haikuja, na ndiyo maana mgongo wa Mama Véro.

Alifuta mikono, akaikunjua, akaisoma hadi kwenye mhuri.

"Miaka saba unatembea na hii mu mufuko?"

"Ndiyo, Mama."

"Bamama," aliwaita wenzake, "kuyeni muone mugonjwa." Kisha akanigeukia, na hakuwa anacheka. "Sikia. Hata ungeleta karatasi ya Papa wa Roma, Véro angepikia ule madame mucele. Alikuwa nayo mu kabati, alinunua zamani, mbele ya weye kuanza kusema mambo ya kungoja. Ile mambo ya karatasi alikuambia juu ulimupigia kelele. Unafikiri karatasi njo inapikaka?"

Miaka saba. Nilikataa kazi moja kwa sababu ya karatasi ile, nikijiona sistahili. Nilitaka kumkasirikia Mama Véro, aliyekuwa ardhini tangu saa nne asubuhi, na nilitaka kumwomba msamaha kwa kumkasirikia, na nilitaka mtu anieleze ni mashine ngapi katika nchi hii zimezuiwa na heshima.

"Na mimi?" niliuliza hatimaye. "Mwaka muzima alinipatia mucele."

"Ulikuwa unakaa mbele, pa bageni. Mu jiko ulisimamaka tu, haukukaa."

Alichukua sahani mkononi mwangu, akampa mwanamke mmoja airudishe kwenye turubai, kwa wageni. Moto ulikuwa unafifia. Aliikunja karatasi, mara nne, akaisukuma chini ya sufuria, ikashika moto, na papo hapo nikakumbuka kwamba sina nakala. Alifikiri kidogo, akageuza kreti ya bia, akaipangusa vumbi kwa kanga.

"Kaa."

Nilikaa, magoti yamenifika kidevuni, mwanamume peke yake kati ya wanawake saba. Bukari ilitua katikati yetu ikitoa mvuke, si nyeupe sana, na harufu yake niliijua kabla sijainama. Bakuli la lengalenga likafuata. Mtu akanimiminia maji mikononi. Niliyatazama yakidondoka, nikaitazama mboga, nikafungua kinywa kuuliza inamwagiliwa maji ya wapi siku hizi.

"Kula kwanza," alisema Mama Bijou.